Monita Mpya, Picha Mbovu: Tatizo Liko Upande Gani?

Fundi wa kompyuta akiletewa monita iliyotoka kwenye boksi jana, na mwenyewe anaapa kwamba ni mbovu, hakimbilii bisibisi. Anaiwasha, anachomoa waya wa picha, anatazama kioo kitaandika nini. Kikiandika “No Signal” kwa herufi safi zisizo na michirizi, ameshajua mengi: umeme unaingia, taa ya nyuma ya kioo inawaka, na kioo chenyewe kinaweza kuchora. Kuna uwezekano mkubwa kwamba analolitafuta liko kwingine, kwenye waya au kwenye kompyuta.

Mnunuzi wa kawaida hafanyi hivyo. Anabadilisha waya, anabonyeza vitufe vya monita ovyo, anaingia kwenye mipangilio ya Windows na kugusa vitu vitano kwa mkupuo. Picha ikikaa sawa, hajui kilichoiponya. Isipokaa sawa, anafunga boksi na kurudi dukani, anakokutana na karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Muuzaji anaichomeka monita kwenye kompyuta yake, inaonyesha vizuri, na mjadala unaishia hapo.

Picha ya kompyuta hupita hatua tatu: kompyuta inaitengeneza, waya unaisafirisha, kioo kinaichora. Kila hitilafu inakaa kwenye mojawapo ya hatua hizo, na kuna njia za kujua ni ipi kwa dakika chache, bila kifaa chochote cha fundi.

Vipimo vitatu vya kuanzia

Cha kwanza ni menyu ya monita yenyewe, ile inayotokea ukibonyeza kitufe cha chini au cha nyuma ya kioo, yenye mambo ya mwangaza, rangi na lugha. Menyu hiyo haitoki kwenye kompyuta. Imehifadhiwa ndani ya monita na monita ndiyo inayoichora. Ifungue wakati tatizo linaonekana, uitazame kwa makini. Picha ya Windows ikiwa inapepesa huku menyu imetulia juu yake, kioo ni kizima. Mstari wa kijani unaoshuka kutoka juu hadi chini ukiikata na menyu pia, kioo kina ugonjwa, na hakuna mpangilio wa Windows utakaouponya.

Cha pili ni kupiga picha ya skrini. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Print Screen, kisha jitumie picha hiyo kwenye simu. Picha ya namna hii inanakiliwa kabla haijaingia kwenye waya. Ukiiona hitilafu kwenye simu, kompyuta ndiyo inayoitengeneza, yaani draiva, programu au kadi ya picha. Ikiwa safi kwenye simu, kwa kawaida lawama zinahamia kwenye tundu, waya au kioo.

Cha tatu ni kuizima kompyuta na kuiwasha tena huku ukitazama sekunde za mwanzo. Nembo ya mtengenezaji inayotokea kabla ya Windows haitegemei draiva ya Windows. Nembo ikionekana vizuri, kisha kioo kikawa cheusi Windows inapopanda, shuku programu. Isipoonekana hata nembo, shuku waya, tundu au mashine yenyewe.

Kioo cheusi

Tuanze na lalamiko linaloongoza: taa ndogo ya monita inawaka, kioo ni cheusi.

Monita nyingi zina matundu mawili au matatu ya picha, na si zote zinazoweza kujitafutia lile lililo hai. Bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo, uchague HDMI, DisplayPort au VGA kulingana na pale ulipochomeka. Kama kuna HDMI 1 na HDMI 2, hakikisha namba.

Halafu geuza sipiyu, kama wengi tunavyoliita boksi la kompyuta ya mezani, utazame mgongo wake. Kompyuta iliyoongezewa kadi ya picha ina matundu ya picha sehemu mbili. Kundi moja liko juu, karibu na matundu ya USB na ya spika. Hilo ni la bodi kuu. Jingine liko chini yake, limepangwa kwa kulala. Hilo ni la kadi. Kompyuta nyingi huyazima matundu ya bodi kuu mara zinapoiona kadi. Waya wako ukiwa juu, utasubiri hadi kesho. Uhamishie chini.

Kisha bonyeza Caps Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, kompyuta iko hai, inafanya kazi gizani. Isipoitikia kabisa, huenda mashine haikuwaka sawasawa, na monita mpya inalaumiwa kwa sababu ya RAM iliyolegea wakati boksi likisogezwa mezani.

Kwenye kompyuta ya mkononi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Utaletewa chaguo nne: kioo cha kompyuta pekee, kunakili, kupanua, au kioo cha pili pekee. Ya kwanza ikiwa ndiyo iliyochaguliwa, monita ya nje itabaki nyeusi hata waya ukiwa wa dhahabu.

Ujumbe wa “Out of Range” au “Input Not Supported” ni habari tofauti kabisa. Maana yake picha inafika, ila kwa ukubwa au kasi ambayo kioo hakimudu. Hutokea sana monita ndogo inaporithi kompyuta iliyokuwa na monita kubwa. Rudisha ile ya zamani, punguza ukubwa wa picha, kisha badilisha. Usipokuwa nayo, washa Windows katika hali ya usalama. Na ukibadilisha ukubwa wa picha kisha giza likaingia, usiguse kitu. Windows husubiri sekunde 15, isipothibitishiwa inarudi ilikotoka.

Tundu halilingani na tundu

Afrika Mashariki tuna mkanganyiko unaozaliwa na soko letu wenyewe. Ofisi ndogo, shule na vijana wengi hununua kompyuta za mezani zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani, zikasafishwa na kuuzwa upya kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue. Mashine kama OptiPlex 7010 ya Dell na EliteDesk 800 G1 ya HP ni imara kweli, lakini ziliundwa kwa ajili ya ofisi: mgongoni zina VGA moja na DisplayPort mbili, HDMI hakuna. Monita mpya ya bei nafuu nayo mara nyingi huja na HDMI na VGA, bila DisplayPort. Kinacholingana bila adapta ni VGA peke yake, teknolojia ambayo IBM iliileta mwaka 1987.

VGA inafanya kazi, lakini kuna njia bora. DisplayPort za mashine hizo zinaweza kutoa ishara ya HDMI kupitia waya rahisi. Nunua waya wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI, na picha ya 1920 kwa 1080, mara 60 kwa sekunde, itapita bila taabu. Waya wa aina hiyo una ukomo wake: monita ya 2560 kwa 1440 au ya 4K itaomba zaidi ya unachoweza kubeba.

Angalia pia mwelekeo. Waya huohuo haufanyi kazi kinyume. Ukitoka kwenye HDMI ya kompyuta ya mkononi kwenda DisplayPort ya monita, kioo kitabaki cheusi ingawa ncha zote mbili zimeingia barabara. Adapta ya HDMI kwenda VGA na ya VGA kwenda HDMI nazo zinafanana kwa macho, lakini ni vifaa viwili. Kila kimoja kina chipu inayogeuza ishara upande mmoja tu. Muuzaji akikwambia “hii inaenda kotekote, bosi”, mwombe aichomeke uone.

Tundu la USB-C ni mtego mwingine. Umbo lake ni lilelile kila mahali, uwezo hutofautiana. Lipo linalochaji na kupitisha mafaili tu, na lipo linalobeba picha. Tafuta pembeni yake alama ya DP au ya radi. Usipoiona, soma maelezo ya modeli yako kabla ya kutoa hela. Na waya uliokuja na chaja ya simu mara nyingi haubebi picha hata kama tundu ni sahihi.

Picha imevimba

Kioo kinawaka, lakini herufi ni kubwa mno, aikoni zimejaa meza nzima, na Windows inakataa kuvuka 1024 kwa 768. Hapa kuna mazungumzo yaliyokatika. Monita inapochomekwa, hujitambulisha kwa kompyuta kama mgeni anayebisha hodi na kutaja jina: nimetengenezwa na fulani, nina ukubwa huu, namudu picha hizi na hizi. Taarifa hiyo huitwa EDID, na sehemu yake ya msingi ina baiti 128 tu. Isipofika, kompyuta inabahatisha, na kwa usalama inachagua picha ndogo.

Mara nyingi kinachoizuia ni pini iliyopinda kwenye waya wa VGA, kifaa cha kugawa picha kati ya monita na projekta, au adapta hafifu. Zima kompyuta na monita, na uchomoe hata umeme. Subiri dakika moja, unganisha waya moja kwa moja bila kifaa cha katikati, washa monita kwanza halafu kompyuta.

Mazungumzo yakiwa hayana kasoro, angalia draiva. Kompyuta iliyopigwa Windows upya, kama zile za dukani, mara nyingine huondoka bila draiva ya kadi ya picha. Fungua Device Manager, sehemu ya Display adapters. Ukikuta imeandikwa “Microsoft Basic Display Adapter”, Windows inatumia draiva ya dharura. Pakua draiva ya kadi yako kutoka tovuti ya Intel, AMD, NVIDIA au ya aliyetengeneza kompyuta, uisakinishe, uwashe upya.

Herufi zenye ukungu

Kioo cha kisasa kina nukta zilizopangwa kiwandani, na hazihami. Monita ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, kila moja ikiwa na vinukta vitatu: chekundu, cha kijani na cha bluu. Ikipokea picha ya ukubwa huohuo, kila nukta ya picha inapata nukta yake kwenye kioo, na herufi zinakuwa kali. Ikipokea ukubwa mwingine, inalazimika kuinyoosha picha.

Tazama kinachotokea kwa kompyuta ya mkononi yenye kioo cha 1366 kwa 768, ambazo ni nyingi mno kwetu, ikiunganishwa na monita mpya kwa mtindo wa kunakili. Vioo viwili vinatakiwa vionyeshe picha moja, na mara nyingi kompyuta inashuka kwenye ukubwa ambao hata kile kidogo kinaumudu. Sasa gawanya 1920 kwa 1366: unapata kama 1.4. Nukta moja ya picha inatakiwa ijaze nukta moja ya kioo na karibu nusu ya jirani yake, na nukta ya kioo haikatwi nusu. Kijiti cha herufi “l”, ambacho kingekuwa mstari mmoja mweusi, kinageuka mstari mweusi uliopakana na wa kijivu. Hicho kijivu, kikirudiwa kwenye kila herufi ya ukurasa, ndicho ukungu unaokuumiza macho saa kumi jioni.

Dawa yake haihitaji hela. Bonyeza Windows na P, chagua kupanua au kioo cha pili pekee, kisha kwenye mipangilio ya skrini chagua ukubwa ulioandikwa “Recommended”.

Ukiwa unatumia VGA, kuna jambo jingine. Ishara yake haihesabu nukta. Monita inabidi ikisie kila nukta inaanzia wapi. Ndiyo maana ina kitufe cha Auto au Auto Adjust. Kibonyeze ukiwa umefungua ukurasa mweupe uliojaa maandishi hadi kingoni. Ukikibonyeza wakati mandhari ni meusi, monita haioni mipaka ya picha, inaweza kuisogeza kushoto na kukuachia pengo kulia.

Ukungu ukiwa kwenye programu moja tu, hasa ya zamani ya uhasibu, huku nyingine zote ziko kali, monita haihusiki. Windows inaikuza programu hiyo hadi kiwango cha asilimia 125 au 150 ulichokichagua. Badilisha kiwango hicho, au urekebishe mpangilio wa ukuzaji kwa programu hiyo peke yake.

4K inayokokota

Umenunua monita ya 3840 kwa 2160, picha ni safi, lakini kishale cha mausi kinakokota na dirisha ukilivuta linaruka vipande vipande. Piga hesabu. Nukta 8,294,400, kila moja biti 24, mara 60 kwa sekunde: jumla inakaribia biti bilioni 12 kila sekunde. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 inapitisha bilioni 10.2, na baada ya kuondoa gharama za usafirishaji wenyewe, picha inabakiwa na kama bilioni 8.2. Haitoshi, kwa hiyo kompyuta inashuka hadi mara 30 kwa sekunde. HDMI 2.0 ya mwaka 2013, yenye bilioni 18, inatosha.

Mnyororo mzima unatakiwa uwe na uwezo huo: tundu la kompyuta, waya na tundu la monita. Kiungo kimoja cha zamani kinavishusha vyote. Angalia pia menyu ya monita, maana baadhi huja kiwandani zikiwa zimewekwa kwenye hali ya HDMI ya zamani mpaka wewe uibadilishe. Ukinunua waya, tafuta maandishi ya Premium High Speed kwa HDMI 2.0 au Ultra High Speed kwa 2.1. Maneno “4K” yaliyochapwa kwenye pakiti peke yake hayasemi kitu, kwani hata mara 30 kwa sekunde ni 4K.

Kuna kompyuta zinazopata mara 60 kwa ujanja: zinapunguza taarifa za rangi na kuacha za mwangaza zilivyo. Kwenye filamu huwezi kujua. Kwenye maandishi mekundu juu ya nyeusi utaona kingo zimemung'unyika, ilhali maandishi meusi juu ya nyeupe yako sawa. Ukiona hivyo, na mnyororo wako unaumudu mzigo mzima, ingia kwenye programu ya kadi ya picha na utafute mpangilio wa RGB au 4:4:4.

Na aliyenunua monita ya 144Hz, yaani mara 144 kwa sekunde, asishangae kuona haina tofauti na ya zamani. Windows mara nyingi huianzisha kwa 60. Nenda kwenye mipangilio ya skrini, sehemu ya Advanced display, uchague kasi uliyoilipia.

Rangi hazieleweki

Kwa VGA, rangi ya kosa inakutajia pini yenye kosa. Pini ya 1 inabeba nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu. Ukurasa mweupe ukionekana wa njano, bluu haifiki. Ukiwa wa zambarau iliyochangamka, kijani haifiki. Ukiwa wa samawati ya kijani, nyekundu ndiyo iliyopotea. Chomoa waya, utazame meno yake 15 kwa tochi ya simu. Mara nyingi jino limelala. Usishangae ukikuta tundu la pini moja ni tupu: nyaya nyingi huundwa bila pini ya 9.

HDMI haikosi rangi kwa namna hiyo. Kosa lake la kawaida ni nyeusi iliyofifia ikawa kijivu, na picha nzima kuonekana imepigwa vumbi. Sababu ni urithi wa televisheni, ambazo huhesabu mwangaza kuanzia 16 hadi 235, wakati kompyuta huhesabu kuanzia 0 hadi 255. Kompyuta ikidhani imeunganishwa na televisheni, inatuma nyeusi ikiwa 16, na monita inaichora kama kijivu. Kinyume chake, kompyuta ikituma nyeusi kamili kwa kioo kinachotarajia 16, vivuli vyote vinamezwa na nywele za watu kwenye picha zinakuwa donge jeusi. Tafuta kwenye programu ya kadi ya picha chaguo la “Full”, au kwenye menyu ya monita sehemu ya Black Level au RGB Range, mpaka pande mbili zikubaliane.

Televisheni hiyohiyo ndiyo iliyoturithisha picha inayokatwa kingoni, mpaka kitufe cha Start hakionekani. Televisheni za zamani zilificha kingo za picha kwa makusudi, na za leo bado zinafanya hivyo zikidhani zimeunganishwa na king'amuzi. Ukitumia televisheni kama monita, tafuta Just Scan, Screen Fit au jina linalofanana, au ubadilishe jina la tundu liwe PC.

Kabla hujaondoka kwenye rangi, zima HDR kwenye Windows kama monita yako ni ya bei ya chini, na zima Dynamic Contrast na Eco kwenye menyu. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazofanya kioo kififie chenyewe unapofungua dirisha jeusi.

Kupepesa na kuzimika

Kioo kikizimika kwa sekunde moja au mbili kisha kurudi, mara nyingi tatizo linaanzia kwenye waya. Ishara ya kidijitali haichakai polepole. Inasomeka vizuri mpaka ishindwe, na dalili za kushindwa ni nukta nyeupe zinazometameta na giza la ghafla. Jaribu waya mfupi zaidi, au shusha kasi ya picha. Tatizo likiisha baada ya kuishusha, waya haumudu mzigo.

Ukibadilisha waya na hali ikabaki vilevile, geukia umeme. Monita nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme wetu unazifaa. Kasoro iko kwenye plagi. Monita iliyokuja na plagi ya Ulaya yenye pini mbili za mviringo, ikaingizwa kwenye soketi yetu ya matundu matatu kwa kusukuma tundu la juu na kalamu, haina ethi. Mwili wa monita unabaki na umeme mdogo unaowasha vidole, na usumbufu huo unaingia hadi kwenye waya wa picha. Nunua waya wa umeme wenye plagi ya pini tatu za mstatili. Ncha ya upande wa monita kwa kawaida ni ileile. Ondoa friji au feni kubwa kwenye ekstensheni ya kompyuta, kisha angalia kama giza bado linaingia kila kompresa ya friji inapowaka.

Cha kushangaza zaidi ni kiti. Viti vya ofisi vinavyopanda na kushuka kwa gesi hukusanya umemetuamo, na mtu anapoinuka umeme huo huruka. Mshtuko wake unatosha kuukatiza waya wa picha usiokingwa vizuri. Kama kioo kinazimika kila unaposimama kwenda kunywa chai, hujarogwa. Badilisha waya, au usogeze mbali na kiti.

Nukta, mwanga na nyufa

Yanayobaki ni ya kioo chenyewe, ambayo waya wala mpangilio hauyatibu. Fungua picha tupu zilizojaa skrini, moja baada ya nyingine: nyekundu, kijani, bluu, nyeupe, nyeusi. Nukta nyeusi kwenye rangi zote imekufa. Nukta inayobaki na rangi moja, kwa mfano kijani juu ya nyeusi, imekwama, na mara nyingine programu za kuibadilishia rangi haraka haraka huizindua. Kuisugua kwa kidole kunaweza kuongeza majirani wa kuugua.

Nukta moja mara nyingi haitoshi kukupa monita nyingine. Kiwango cha ISO 13406-2 cha mwaka 2001 kiliweka madaraja, na katika daraja la pili kiliruhusu, kwa kila nukta milioni moja, mbili zinazowaka daima, mbili zilizokufa, na vinukta vitano vibovu. Mwaka 2008 nafasi yake ilichukuliwa na ISO 9241-307, lakini fikra ya kuvumilia nukta chache ilibaki, na watengenezaji wengi wana idadi yao wenyewe kwenye karatasi ya waranti. Isome kabla hujagombana na mtu.

Mwanga unaovuja pembeni unapimwa usiku, taa zimezimwa, picha ni nyeusi. Sogeza kichwa kushoto na kulia. Mwanga ukihama au kubadilika nawe, ni tabia ya vioo vya aina ya IPS na haudaiwi. Ukibaki palepale kama doa, taa ya nyuma inavuja, na hiyo ni hoja. Doa kama wino lililozungukwa na mistari ya buibui ni ufa: kioo kimebanwa njiani, labda kwenye bodaboda, na waranti hailipi ufa. Ndiyo maana monita huwashwa dukani, mbele ya muuzaji, kabla ya risiti kuandikwa.

Unapolazimika kurudi

Fanya majaribio yote wiki ya kwanza, na tunza boksi pamoja na povu lake. Jaribu monita kwa kompyuta ya pili na waya wa pili, kimoja baada ya kingine, ili usije ukabadilisha viwili na kupoteza jibu. Tatizo likibaki kwenye kompyuta zote mbili na nyaya zote mbili, piga video fupi kwa simu: menyu ya monita ikiwa wazi na hitilafu ikiikata, kisha waya wa picha umechomolewa na hitilafu bado ipo. Onyesha kwenye video hiyo namba ya monita iliyo nyuma yake.

Video hiyo inabadilisha mazungumzo ya kaunta. Ukisema “haionyeshi vizuri”, muuzaji atatafuta sababu kwenye kompyuta yako, na ana haki, kwa sababu sababu nyingi ziko huko. Ukimwonyesha mstari unaokata menyu wakati hakuna waya wowote uliochomekwa, kompyuta yako imeshatoka kwenye kesi. Limebaki suala la waranti, na hilo linajadiliwa kwa risiti.